Saa yangu mkononi nyeusi tii, kwenye picha inatoka kijivu. Kosa liko wapi?

#1 Msafiri wa Ilala
Wakuu salaam. Naombeni macho yenu, hili jambo limenikalia vibaya.

Nauza saa za mtumba, moja moja, kutoka chumbani kwangu hapa Ilala. Wateja nawapata WhatsApp na Instagram, kwa hiyo picha ndiyo duka langu. Nyingi ni Seiko 5. Iliyonileta hapa ni SNXS79, ile yenye uso mweusi. Ukiivaa, weusi wake ni kama wino wa chupa. Nikiipiga picha inatoka kijivu, kama mtu kaipulizia moshi, na chuma chake nilichokisugua kwa mswaki na sabuni kinaonekana kama sufuria kuukuu. Mteja wa kwanza akauliza, "Hiyo si imefubaa?" Wa pili aliona picha, akanyamaza mpaka leo.

Nilivyonavyo: simu, meza karibu na dirisha, shuka jeupe, na taa ya duara kama zile za wadada wa vipodozi. Tangu Jumamosi nimepiga picha zaidi ya sitini. Na flashi, bila flashi, jua la saa saba, usiku wa manane. Kijivu kile kile.

Kosa ni simu, ni mwanga, ni kioo cha saa, au ni mimi?

#2 Kijoti
Nimekaa siti ya mbele. Wakati wataalamu wako njiani: futa lenzi ya simu. Sio kwa kidole wala kwa fulana, kwa kitambaa cha miwani. Simu ya mfukoni lenzi yake ina mafuta muda wote, na mafuta yanakitia ukungu kila cheusi.

#3 Nyakato
Kijoti yuko sahihi, ila hilo ni la dakika moja. Tatizo ni simu inavyofikiri. Mimi nauza viatu vya watoto, Mwanza, na vile vyeusi vya shule vilinitesa mwaka mzima. Simu haijui kwamba kitu ni cheusi. Ikiona giza inadhani mwanga ni mdogo, inaongeza, cheusi kinageuka kijivu. Gusa uso wa saa kwenye skrini, shikilia kidole mpaka ijifunge, halafu ile alama ya jua inayotokea pembeni ivute chini taratibu mpaka weusi urudi. Picha yote itaonekana giza kidogo, usiogope, utainua baadaye shuka peke yake.

#4 Ticha wa Fizikia
Dada Nyakato, nusu ya maneno yako naichukua. Lakini mleta mada anatumia shuka jeupe. Shuka likijaa kwenye picha simu inaona mwanga mwingi, inapunguza, na hapo shuka ndilo linalogeuka kijivu huku saa ikizidi kuwa giza. Kama anagusa uso wa saa ndipo simu inauongezea mwanga. Msafiri, shuka lako linatoka jeupe au kijivu? Na tupia picha basi, tunatibu mgonjwa hatujamwona.

#5 Msafiri wa Ilala
Nimetupia tatu hapo chini. Shuka linatoka kijivu-kijivu, saa nayo kijivu. Lenzi nimeifuta sasa hivi kwa kitambaa cha miwani ya baba, picha imechangamka kidogo, uso bado. Za usiku zina mistari inayokatiza picha, sijui ni nini.

#6 Fundi Kurunzi
Nimeziona. Sio simu.

Msafiri, kioo cha saa ni kioo kweli, kama cha kujitazama. Ukipiga kutoka juu, kioo kinakutazama wewe na kilicho juu yako. Kinaona dari. Angalia picha yako ya pili, kuza pale chini ya herufi: kuna mstari mwembamba ulionyooka. Huo ni mkanda wa dari lako la gypsum. Moshi unaousema ni dari limelala juu ya uso wa saa.

Usiku huu fanya hivi, haina gharama. Weka saa mezani, weka jicho lako pale simu inapokaa, mtu apitishe kitu cheusi taratibu juu ya saa: jaketi, begi, chochote. Kuna mahali kikifika, uso wa saa utazama ghafla, utakuwa kama unachungulia kisima. Hapo ndipo pa kutundika manila nyeusi. Katikati yake toboa tundu la kuchungulia lenzi. Nimepiga picha za bidhaa hapa Arusha miaka kumi na moja, na kwenye saa hakuna kifaa ninachokitumia zaidi ya manila.

Hiyo taa ya duara iweke kando. Inachora pete nyeupe kwenye kioo, mteja anaona pete kabla ya saa.

#7 Ticha wa Fizikia
Namuunga mkono Fundi, na hesabu iko upande wake. Kioo cha kawaida kinarudisha karibu asilimia 4 ya mwanga katika kila upande wake. Inaonekana ndogo. Lakini uso mweusi wenyewe nao unarudisha asilimia chache tu. Kwa hiyo dari jeupe lenye mwanga likilala juu ya kioo, linakaribia kulingana na saa yenyewe kwa nguvu. Uso mweupe usingeona tofauti kubwa. Ndiyo maana walalamikaji siku zote ni wenye saa nyeusi na za bluu.

Mistari ya usiku: umeme wetu ni wa Hz 50, taa nyingi za LED za bei ya chini zinazima na kuwaka mara 100 kwa sekunde bila macho kuona, kamera inaona. Kama simu yako ina sehemu ya kurekebisha mwenyewe, weka muda wa kupiga picha uwe 1/50 au 1/100 ya sekunde. Ikijiwekea 1/60, au kasi inayozidi 1/100, mistari inarudi.

#8 Bin Hamad wa Darajani
Assalaam aleikum wanangu. Mimi ni fundi saa, Unguja. Mumesema mengi ya mwanga, na mwanga ni kweli. Lakini hapana hata mmoja aliyeuliza kioo chenyewe ki hali gani.

Seiko 5 hizo kioo chake ni Hardlex, kioo kilichokomazwa cha Seiko wenyewe, si yakuti. Hardlex yastahamili kishindo, lakini hukwaruzika. Saa iliyovaliwa miaka ina mikwaruzo laini kuliko unywele, na kila mkwaruzo hushika mwanga wake. Ikifika mia mbili, huo ni ukungu. Manila utaweka, dari litaondoka, ukungu utabaki. Na upo ukungu wa ndani: mafuta hupanda kidogokidogo yakaganda chini ya kioo. Huo ukisugua nje mpaka Idi hautoki.

Zima taa zote. Washa tochi ya simu, ilaze mezani ubavuni mwa saa, mwanga upite juu ya kioo kama jua la magharibi linavyopita juu ya maji. Kama kioo kimechoka utaona utando wa buibui umezunguka pale mwanga ulipo. Hapo ujue dawa si picha, ni kubadilisha kioo.

Jambo la pili, mwanangu. Katika picha zote tatu akrabu ya saa iko kwenye 4 na ya dakika iko kwenye 2. Kitufe cha kutilia majira nacho kwenye Seiko 5 kipo pale pale kwenye 4, na dirisha la tarehe kwenye 3. Mzigo wote umeuweka kulia. Saa imelemaa. Nani aliyekuelekeza?

#9 Msafiri wa Ilala
Shikamoo mzee. Nilisoma sehemu kwamba saa za matangazo zinawekwa 10:10, nikaiweka saa kumi na dakika kumi.

#10 Kijoti
Msafiriiii! 10:10 yao ni saa nne na dakika kumi yetu! Mshale mfupi unakaa kwenye namba 10, ule mrefu kwenye 2. Wewe umetuwekea saa kumi jioni, watu wanatoka kazini.

#11 Bin Hamad wa Darajani
Marahaba. Usimcheke, Kijoti. Wanafunzi watatu nimewafundisha kazi hii, na wawili walifanya hivyo hivyo siku ya kwanza. Aliyekulia kwenye saa ya Kiswahili akisikia kumi hupeleka akrabu kwenye 4.

#12 Wa Likoni
Mkifika hapo kwa 10:10 lazima niseme. Hiyo ni saa aliyokufa Abraham Lincoln. Mafundi wa saa Marekani walisimamisha saa zote kwa heshima yake, ikabaki desturi. Nilielezwa na mzee mmoja aliyekuwa na duka la saa Mombasa, Barabara ya Biashara.

#13 Ticha wa Fizikia
Ndugu yangu wa Likoni, Lincoln alipigwa risasi usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, mnamo saa nne na robo, na akafa kesho yake asubuhi, saa moja na dakika 22. Kwa hiyo 10:10 sio ya kufa wala ya kupigwa risasi. Wapo wanaosema ni Kennedy, naye alipigwa saa sita na nusu mchana. Wengine wanaitaja Hiroshima, na bomu lile liliangushwa saa mbili na robo asubuhi. Hakuna hata moja inayoingia.

#14 Wa Likoni
Saa nne na robo na saa nne na dakika kumi ni dakika tano tu, Ticha. Saa za 1865 zilikuwa zinakimbia.

#15 Nyakato
Mimi nilijua ni tabasamu. Mishale ikipanda juu pande zote mbili inafanana na mdomo unaocheka. Ikishuka inafanana na mtu aliyenuna.

#16 Ticha wa Fizikia
Tabasamu lina utafiti wake. Mwaka 2017 jarida la Frontiers in Psychology lilichapisha jaribio: watu walionyeshwa picha za saa zilizowekwa nyakati tofauti, na 10:10 iliwapa hisia nzuri zaidi. Hiyo inaeleza kwa nini inapendwa. Haielezi ilianzaje.

#17 Fundi Kurunzi
Ilianzaje ni rahisi, muulize aliyewahi kulipwa na mwenye kampuni. Jina liko juu kwenye 12, mishale inalizunguka kama mikono miwili iliyoinuliwa. Dirisha la tarehe kwenye 3 liko wazi. Saa zenye vijisaa vidogo ndani, vinavyokaa 3, 6 na 9, vyote vinaonekana. Timex wana kipimo chao hasa, 10:09 na sekunde 36, ili hata mshale wa sekunde usiguse kitu. Apple Watch kwenye matangazo ni 10:09.

#18 Bin Hamad wa Darajani
Lakini matangazo ya kale, miaka ya 1920 na 1930, utaona mengi 8:20. Akrabu zimeshuka. Na hapo napo jina li wazi juu. Kwa hiyo hoja ya jina peke yake haitoshi, Fundi.

#19 Kijoti
Jibu mnalo mnalizunguka. 10:10 ni saa nne na dakika kumi, saa ya chai na chapati. Nani asiyetabasamu saa nne?

#20 Chausiku
Turudini kwa mleta mada jamani, saa yake bado kijivu. Mimi nasoma kama mnunuzi, nitasema langu baadaye.

#21 Msafiri wa Ilala
Nimerudi. Manila nyeusi nimeipata dukani pa vifaa vya shule, nimetoboa tundu kwa wembe, mdogo wangu ameishika. Wakuu, uso UMEZAMA. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Fundi, asante.

Lakini sasa chuma kimekuwa cheusi. Mkanda mzima unaonekana kama umepakwa masizi. Dari limeondoka, na mng'ao umeondoka nalo.

#22 Fundi Kurunzi
Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, na ndiyo sababu naipenda saa kuliko bidhaa yoyote.

Kioo kinataka kuona cheusi. Chuma kinataka kuona cheupe. Chuma kilichosuguliwa hakina rangi yake, kinaazima. Ukikizungushia giza, ni cheusi. Ukikizungushia shuka, ni cheupe bila umbo, kama kimekatwa kwa karatasi. Kinachomfanya mtu aseme "hiki ni chuma" ni cheupe na cheusi vikikutana kwenye ukingo mmoja. Chukua kijiko jikoni, kisogeze dirishani ukizungushe polepole, utaona nasema nini: kuna upande mweupe, kuna mstari mweusi, na ule mstari ndio unaokupa mviringo wa kijiko.

Sasa manila yako ni kubwa mno. Ipunguze. Kioo cha saa ni bapa, kinaona sehemu ndogo tu ya juu. Anza na kipande cha ukubwa wa daftari, endelea kukata mpaka ukungu unapoanza kuchungulia pembeni, simama hapo. Pande zote zilizobaki zungushia manila nyeupe, zisimame kama kuta, zibanwe kwa vibanio vya nguo. Upande mmoja acha ukanda mwembamba mweusi, upana wa vidole viwili. Huo ndio utakuchorea mstari wa kijiko.

#23 Wa Likoni
Fundi unamchosha kijana. Atoke nje. Saa mbili asubuhi, kibarazani, jua halijamfikia, ukuta mweupe wa jirani uko mbele yake. Mwanga ule ni mpole, unapiga kwa simu bila karatasi hata moja. Nimeuza saa nane namna hiyo.

#24 Fundi Kurunzi
Kibaraza ni kizuri, sikatai, na kwa kuanzia ni bora kuliko taa ya duara. Ila mwanga mpole toka kila upande unaua zile nyuzi laini kwenye chuma kisichosuguliwa kwa kung'aa. Na kuna nyuso zenye miale, zile ukizungusha saa miale inakimbia kama feni. Hizo zinataka taa moja, ndogo, kali kidogo, toka upande mmoja. Ukiziweka kwenye mwanga mpole zinalala.

#25 Nyakato
Na kama hana kibaraza wala mdogo wa kumshikia manila: ndoo nyeupe ya plastiki ya lita 20, zile zinazopitisha mwanga. Kata kitako, igeuze, saa iingie ndani, simu ichungulie kwa juu, taa mbili zipige kwa nje. Ndoo inageuza taa kali kuwa mwanga wa mawingu. Viatu vyangu vyote vimepigwa kwenye ndoo.

Jingine, Msafiri, unaisogelea mno saa. Picha ya tatu imevimba tumbo, kifungio kilichokaribu na simu ni kikubwa kuliko cha mbali. Rudi nyuma kiasi cha mkono mmoja, weka zumu ya 2.

#26 Fundi Kurunzi
Zumu iwe kweli zumu. Simu nyingi zenye lenzi tatu, ukiwa karibu na kitu, zile za zumu zinashindwa kuona, simu inarudi kimyakimya kwenye lenzi kubwa na kukatakata picha. Kujua: ziba lenzi moja moja kwa kidole uone skrini inapotea kwa ipi. Kama lenzi kubwa ndiyo inayofanya kazi, rudi nyuma zaidi mpaka ibadilike.

#27 Mpemba wa Ruwi
Salaam kutoka Maskati. Mbona mnahangaika na manila? Wekeni filta ya polaraiza mbele ya lenzi. Huku madukani kila mtu anayo. Unaizungusha, mng'ao wote unaondoka, kioo na chuma. Kama huna, miwani ya jua ya polaraiza inafanya kazi.

#28 Ticha wa Fizikia
Kaka wa Ruwi, kioo ndiyo, chuma hapana. Filta ile inakata mng'ao wa kioo, maji, rangi ya gari. Mng'ao wa chuma kitupu inauacha karibu kama ulivyo. Na hata kwenye kioo inafanya kazi vizuri ukiwa umelala pembeni, nyuzi 55 hadi 60 kutoka wima. Msafiri anapiga toka juu kabisa. Hapo utaizungusha filta mpaka uchoke, dari liko pale pale.

Halafu kuna saa ambazo polaraiza inazidhuru. Chukua Casio F-91W, ile ndogo nyeusi ambayo nusu ya wanafunzi wangu wanayo, itazame kwa miwani hiyo huku ukiigeuza. Kuna pembe namba zinapotea, kioo kizima kinakuwa giza. Skrini yenyewe ina polaraiza ndani, mbili zikipishana mwanga haupiti.

#29 Mpemba wa Ruwi
Nimejaribu sasa hivi kwa Casio ya mwanangu. Kweli imezima! Amelia akidhani nimeiharibu. Shukrani Ticha. Ila dukani tunapiga saa ikiwa imeinama, sio toka juu, ndiyo maana kwetu filta inatusaidia.

Na Msafiri, nimeona kwenye picha yako siku imeandikwa Kiarabu. Hizo zinazouzwa huku Ghuba gurudumu la siku lina Kiarabu na Kiingereza. Ieleze hiyo kwenye tangazo. Huko nyumbani nimesikia mtu akikataa saa halali, kisa Kiarabu.

#30 Bin Hamad wa Darajani
Ushauri wa siku na tarehe, tafadhali mshike huu. Saa hizo za mashine ya 7S26 usibadilishe tarehe kwa mkono akrabu zikiwa kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri. Wakati huo meno ya tarehe yameshikana, ukilazimisha huvunjika. Na 10:10 kwenye uso wa saa haijui usiku wala mchana! Msafiri akiipeleka akrabu saa nne na dakika kumi ikawa ni ya usiku, kisha akabadilisha tarehe ili picha ipendeze, kaharibu saa ya watu. Zungusha mbele kwanza mpaka tarehe iruke yenyewe, endelea mpaka saa nne ya asubuhi, hapo ubadilishe upendavyo. Mwaka huu peke yake nimefungua nne zilizovunjwa hivyo.

#31 Msafiri wa Ilala
Mzee umeniokoa, jana nilikuwa nabadilisha tu. Na mshale wa sekunde nausimamishaje? Navuta kitufe, unaendelea kutembea.

#32 Bin Hamad wa Darajani
7S26 haisimamishi sekunde. Hilo si kosa, ndivyo ilivyoundwa. Zilizokuja baadaye na mashine ya 4R36 husimama ukivuta kitufe. Hii yako iache droo siku mbili bila kuigusa. Akiba yake ya nguvu ni kama saa 41. Ikishasimama itie akrabu majira taratibu, uilaze bila kuitikisa. Ukiitikisa itaamka.

#33 Fundi Kurunzi
Au usihangaike nayo. Hesabu, piga ikifika kwenye 7. Usibonyeze kwa kidole, weka simu kwenye stendi na kihesabio cha sekunde tatu.

#34 Chausiku
Sasa langu. Nimenunua saa tatu mtandaoni. Moja iliniumiza: picha zilikuwa safi kama za kiwandani, iliyofika ina mkwaruzo toka kwenye 12 mpaka kwenye 5. Muuzaji akasema picha ilikuwa "ya mfano". Tangu hapo, picha safi mno inanifunga mkono. Msafiri, huyo mteja wako wa pili naona hakunyamaza kwa sababu ya kijivu. Alinyamaza kwa sababu saa ilikuwa peke yake kwenye shuka, bila mkono wa mtu, bila mgongo wa saa, bila kitu cha kuonyesha kwamba unayo kweli.

Mimi nataka picha nne. Uso. Mgongo, namba zisomeke. Mkononi, nijue ukubwa, maana hiyo ni kama milimita 37 na kuna wanaume wataiona ndogo. Na ya nne, mkwaruzo wake mbaya kuliko yote, umepigwa kwa karibu. Karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo iwe pembeni. Nikiziona hizo, kijivu nitakisamehe.

#35 Nyakato
Dada Chausiku, mkwaruzo nao uwekwe kwenye tangazo? Utamfukuza mteja kabla hajasalimia.

#36 Chausiku
Atakayefukuzwa na mkwaruzo kwenye picha angeurudisha mzigo ukifika. Bora aondoke mapema.

#37 Fundi Kurunzi
Hapa naona tofauti. Picha nzuri haifichi mkwaruzo, inauonyesha ulivyo. Kinachoficha ni kufuta kwa programu baadaye. Mimi vumbi nafuta, alama ya kidole nafuta, mkwaruzo siugusi kwa saa ya mtumba. Na vumbi lenyewe ni bora uliondoe kabla: kipampu cha kusafishia pua ya mtoto, puliza, halafu shika saa kwa kitambaa. Vumbi moja usiloliona kwa macho, kwenye picha linakuwa kama punje ya mchele.

#38 Wa Likoni
Ndiyo maana nasema kibarazani. Picha ikionekana ni ya nyumbani, mtu anaamini.

#39 Msafiri wa Ilala
Wakuu, nimerudi na picha ya mwisho kwa leo. Manila ya ukubwa wa daftari, kuta nyeupe tatu, ukanda mweusi kushoto, zumu ya 2 kwa umbali wa mkono, mishale saa nne na dakika kumi ya asubuhi. Ukubwa kamili ufungueni msiangalie kidogo. Tazameni mstari ule kwenye bega la saa upande wa kushoto, mweupe, mweusi, mweupe. Sikuwahi kujua saa hii ina kona pale.

Limebaki moja. Kulia, karibu na dirisha la tarehe, kuna doa la kijivu, ukubwa wa punje ya dengu. Jaribio la tochi la mzee nimefanya, mikwaruzo ipo ila michache. Doa halifanani na mkwaruzo.

#40 Kijoti
Umetisha Msafiri! Hii ndiyo saa ile ile?

#41 Fundi Kurunzi
Kazi safi, na bega hilo hata mimi nimelipenda. Doa: juu yako kuna nini, upande wa kulia?

#42 Msafiri wa Ilala
Feni. Jeupe. Nimeisogeza saa, doa likasogea kidogo.

#43 Fundi Kurunzi
Basi ni panga la feni. Lifunike kwa kanga ya rangi nzito, piga tena.

#44 Ticha wa Fizikia
Likisogea na saa ni la saa, likibaki palepale huku saa ikihama ni la dari. "Kidogo" haitoshi. Weka alama ya kalamu kwenye shuka, isogeze saa upana wa kidole kimoja, piga picha mbili, utuletee.

#45 Bin Hamad wa Darajani
Mimi nakwambia ni mafuta, chini ya kioo, pale pale pa dirisha la tarehe. Nimeyaona mara nyingi. Una jamaa anayevuka Jumamosi?

#46 Msafiri wa Ilala
Nimefunika feni. Doa limepungua, halijaisha. Mzee, Jumamosi navuka mwenyewe na boti ya asubuhi. Saa nakuja nayo, na manila pia, nikuonyeshe pale pale kabla hujafungua.

#47 Bin Hamad wa Darajani
Karibu mwanangu. Njoo kabla ya adhuhuri, mwanga wa dukani kwangu ndipo unapokaa sawa.